Nunua shingo kwanza: magitaa ya umeme ya mtumba yenye vituko, Arusha na Moshi

Gitaa la umeme la mtumba lenye umbo la ajabu, swichi nyingi na nembo usiyowahi kuisikia linaweza kukupa sauti ambayo gitaa jipya la dukani halina. Linaweza pia kukumalizia hela. Kinachoamua ni shingo. Pikapu (kinasa sauti cha sumaku kilicho chini ya nyuzi) iliyokufa, swichi yenye kutu, nati (kipande chenye mifereji kinachobeba nyuzi karibu na kichwa) iliyopasuka au jeki (tundu la waya) iliyolegea vina dawa, na dawa yenyewe ipo mjini kwa fundi redio na fundi seremala. Shingo iliyojinyonga haina dawa ya bei nafuu. Ukilishika gitaa, macho yaende kwenye shingo kabla rangi haijakuteka.

Unachoweza kukutana nacho

Wajapani wa miaka ya 1960 walitoa mengi: Teisco, Guyatone, Kawai. Kiwanda kilibandika nembo ya kila mwagizaji kwenye gitaa lile lile, kwa hiyo Teisco inaweza kukujia imeandikwa Kingston au Silvertone. Usilipie jina. Eko za Italia zinajulikana kwa plastiki ya kumetameta iliyoazimwa kwenye ufundi wa akodiani. Ujerumani ilitoa Framus na Höfner, upande wa mashariki wakatengeneza Musima, Chekoslovakia Jolana, na Urusi ya Kisovieti Ural, gitaa zito kweli kweli. Danelectro za Marekani zina mwili wa hadibodi juu ya fremu ya mbao, na pikapu zake zilifungwa ndani ya vikopo vya rangi ya mdomo.

Karibu zote hizi zina pikapu za koili moja zenye nguvu ndogo na sauti safi, inayong'aa. Kwa mpiga solo au ridhimu wa dansi hiyo ni faida. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walipita Arusha na Arusha Jazz kabla ya kuvuka kwenda Nairobi na kuwa Simba Wanyika, na anayependa magitaa yao yanavyojibizana ataelewa kwa nini sauti isiyokoroma ina thamani. Kama unachotaka ni ngurumo za roki nzito, tafuta gitaa la kawaida lenye pikapu za koili mbili, utapata amani.

Pa kulipata, na karatasi zake

Masoko ya mitumba kama Kiboriloni na Memorial pale Moshi ni ya nguo zaidi, na gitaa likitokea huko ni bahati. Njia nzuri zaidi ni makanisa yanayobadilisha vyombo, bendi za hotelini, na wageni wa Arusha wanaouza vitu mikataba ikiisha. Ukilitoa Nairobi kupitia Namanga au Holili, ulizia ushuru kabla ya kulipa, kisha ujumlishe kwenye bei.

Gitaa la kwaya ni mali ya usharika, hata kama limekaa nyumbani kwa mpigaji miaka kumi. Omba barua ya uongozi wa kanisa. Kwa mtu binafsi, andikeni karatasi ya mauziano yenye jina la gitaa, namba iliyo nyuma ya kichwa au kwenye bamba la shingo, bei, tarehe, sahihi mbili na shahidi. Vyombo vya muziki huibwa, na asiye na karatasi ndiye anayelala ndani.

Dakika ishirini mbele ya muuzaji

Beba rula yenye alama za nusu milimita, multimita, waya wa gitaa, ampli ndogo ya betri ya volti 9, na kipande cha uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, wa seti ya nyuzi iitwayo 10. Uzi huo una unene wa milimita 0.25, na ndio kipimo chako. Kisha mwambie tu: "Kaka, naomba nilipige kidogo ndipo tuongee bei."

Anza kwa kulishika gitaa kama mtu anayelenga bunduki, jicho likiwa kwenye kichwa. Linganisha mstari wa nati na mstari wa freti ya mwisho (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo). Kama havilali sambamba, mmoja umeinamia kushoto na mwingine kulia, shingo imejinyonga. Rudisha gitaa kwa adabu, hata kama bei ni ya kutupa.

Halafu pima mkunjo. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ambayo shingo inaingia mwilini kwa mkono mwingine. Uzi sasa umekuwa rula iliyonyooka. Chungulia katikati, freti ya 7 au ya 8, na upenyeze kile kipande chako cha uzi kati ya uzi mnene na freti. Kikipita kwa kugusa kidogo tu, shingo iko sawa. Kama panaweza kupita vipande vinne vikiwa vimepangana, shingo imevutwa na nyuzi na itahitaji kurekebishwa. Kama uzi mnene umelala juu ya freti zote bila nafasi, shingo imerudi nyuma, na nyuzi zitakoroma kwenye freti za mwanzo.

Hapo ndipo uulize kama lina trasirodi, yaani chuma cha ndani ya shingo kinachokazwa kwa alenki au spana ndogo. Jaribu kukilegeza robo mzunguko, kisha ukirudishe. Kikigoma kabisa, au tundu la alenki limeshakuwa duara, hesabu kwamba gitaa halina trasirodi. Magitaa mengi ya bei rahisi ya Japani yaliwekewa chuma kisichorekebishika. Hilo lisikutishe: shingo ya namna hiyo ikiwa bado imenyooka baada ya miaka hamsini na zaidi, itaendelea hivyo. Ikiwa imeshapinda, hakuna cha kukaza.

Piga kila noti, uzi kwa uzi, mpaka freti ya mwisho. Noti inayokufa sehemu moja tu ni freti inayofuata, kuelekea mwilini, iliyonyanyuka: ibonyeze kwa ukucha, ikicheza, tone la gundi ya supa na kibano cha seremala vitaimaliza. Freti zilizochimbika mifereji chini ya nyuzi nyembamba ni kazi kubwa zaidi, ipunguze kwenye bei. Tazama pia nyufa kwenye mfuko wa shingo, yaani shimo la mwilini ambamo shingo inakaa, na matundu madogo yenye unga mbichi kwenye mwili wa plaiwudi. Unga huo maana yake wadudu bado wanakula.

Mwisho ni umeme. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua volyumu na toni mpaka mwisho, na pima kwa multimita kwenye ncha nyingine ya waya, kipimo kikiwa kilo-omu 20. Washa pikapu moja moja. Koili moja nzima husoma kati ya kilo-omu 5 na 8, nyingine za zamani chini kidogo ya hapo, na koili mbili kati ya 7 na 16. Multimita ikionyesha kuzidi kipimo, panda kipimo cha juu. Ukisoma namba inayokaribia 250 au 500, usifurahi: hapo unapima poti ya volyumu yenyewe (kile kifaa cha kuzungusha kupunguza sauti), na koili imekatika. Waya wa koili una unene wa milimita 0.06 hivi, na hukatika mara nyingi pale unapoungwa na waya wa nje. Hapo unaweza kuungwa tena. Ukikatikia ndani, ni kusuka upya, mizunguko 8,000 hivi. Usimpelekee fundi wa kusuka mota kabla hujamuuliza kama ana waya mwembamba kiasi hicho, maana wa mota ni mnene mara nyingi zaidi.

Angalia na tundu la waya. Baadhi ya magitaa ya Urusi na Ulaya ya Mashariki yana tundu la pini tano kama la redio za zamani. Weka jeki ya milimita 6.35 mahali pake, kazi ya nusu saa. Wakati wa kuvutana bei, tundu hilo linakusaidia sana, kwa sababu muuzaji mwenyewe huwa hajawahi kulisikia gitaa lake.

Ukijumlisha nyuzi, poti, jeki, nati na siku moja ya fundi, na jumla ikazidi nusu ya bei ya gitaa, achana nalo, isipokuwa shingo iwe bora kabisa.

Kabla ya kubadilisha chochote

Gitaa lililotoka Dar es Salaam au Tanga limezoea unyevu wa pwani. Liache wiki mbili ndani ya nyumba likiwa na nyuzi zilizokazwa, ndipo urekebishe shingo. Hewa kavu ya Arusha mwezi wa Januari na Februari hukausha mbao zikanywea, freti zikabaki zimechomoza pembeni na kukwaruza kiganja. Zipitishe tupa ndogo kwa pembe, taratibu, baada ya kuubandika ubao wa vidole utepe wa karatasi.

Piga picha nyaya zote kabla ya kugusa pasi ya kulehemia. Kila kifaa unachotoa kiingie kwenye bahasha yenye jina, hata kama kimekufa. Karibu marekebisho yote yaliyo hapa chini yanaweza kurudishwa nyuma, na usikubali fundi atoboe mwili mahali papya. Kituko ndicho ulicholipia. Ukikichonga kutafuta nafasi ya pikapu ya kisasa, umebaki na gitaa la kawaida lililoharibika.

Jambo dogo linaloharibu kazi nyingi: skrubu za Kijapani zina nyota tofauti kidogo na ya bisibisi ya kawaida, na vichwa vyake huliwa mara moja. Fundi pikipiki ana bisibisi inayokaa sawasawa, kwa sababu Honda na Yamaha zina skrubu za aina hiyo hiyo. Muazime.

Swichi na poti zinazochacharika zipulizie dawa ya kusafishia kontakti, kisha zizungushe au kuzisukuma mara thelathini. Alkoholi safi wanayotumia mafundi simu inafaa pia. Petroli na thina ziweke mbali, zinayeyusha plastiki ambayo huwezi kuinunua tena popote. Nusu ya magitaa "yaliyokufa" hufufuka hapa.

Pembe ya shingo

Ugonjwa wa kawaida wa magitaa haya ni nyuzi kukaa juu huku daraja, kinachobeba nyuzi upande wa mwili, limeshashushwa mpaka chini. Watu wengi hukaza trasirodi, na hapo ndipo wanapoiharibu. Trasirodi ni ya mkunjo, haibadilishi pembe. Dawa ni kabari ndani ya mfuko wa shingo.

Legeza nyuzi zote, fungua skrubu nne za nyuma, toa shingo. Kabari inakaa na upande mnene ukielekea daraja, upande mwembamba ukielekea kichwa. Kwenye shingo ya wastani, unene wa milimita 0.5 upande mnene utakuruhusu kupandisha daraja kama milimita 1.5, kwa hiyo usianze na mnene zaidi ya huo. Kadi ya benki ina milimita 0.76, tayari ni nyingi. Kipande kimoja cha kadi kilichowekwa mwisho wa mfuko kitafanya kazi, ila kinaacha uwazi katikati, na kwa miaka ncha ya shingo inaweza kukunjwa na skrubu, freti za mwisho zikanyanyuka. Seremala akikuchongea kabari ya mbao ngumu inayojaza mfuko wote, kutoka sifuri hadi nusu milimita, tatizo limekwisha moja kwa moja. Toboa matundu manne ya skrubu kwenye kabari, rudisha shingo, kaza skrubu kwa kupokezana pembe.

Urefu unaotafuta kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti mpaka chini ya uzi, ni milimita 2 kwa uzi mnene na 1.6 kwa mwembamba. Freti za zamani ni fupi, kwa hiyo likikoroma, ongeza kidogo bila kusikitika.

Nati ya mfupa

Nati za plastiki za zamani hupasuka, na ya mfupa inazishinda kwa sauti na kwa kudumu. Chukua muundi wa ng'ombe buchani, uchemshe na sabuni mpaka mafuta yatoke, uanike kivulini hadi ukauke kabisa. Kata kipande kwa msumeno wa chuma, kisawazishe kwa msasa wa 240, halafu 400, halafu 600, ukiwa umevaa barakoa, kwa sababu vumbi la mfupa ni baya kwa mapafu.

Kwa nati yenye upana wa milimita 42 au 43, acha kama milimita 35 kati ya uzi wa kwanza na wa sita. Mifereji unaweza kuichimba kwa sindano za kusafishia tochi ya gesi, zinazouzwa kwa seti maduka ya vifaa vya kuchomelea. Chagua inayozidi uzi kwa unene kidogo. Mfereji uteremke kuelekea kichwani, la sivyo uzi utalia kama zeze. Ili kujua kina, bana uzi freti ya 3 na utazame juu ya freti ya kwanza: pabaki uwazi mdogo kabisa, kama karatasi nyembamba. Ukiuchimba ukapitiliza, unaanza nati nyingine. Malizia kwa kusugua penseli ndani ya kila mfereji.

Kuhusu vikaza nyuzi, usikimbilie kuvibadilisha. Tone la mafuta ya cherehani kwenye gia, na njiti ya kiberiti yenye gundi ya mbao ndani ya tundu la skrubu lililopanuka, huviponya vingi.

Nyaya: ambapo sauti hupotea

Fundi redio anajua kulehemu kuliko mpiga gitaa yeyote, lakini hajui thamani za gitaa, na hapo lazima usimame mwenyewe. Akikuwekea poti ya redio ya kilo-omu 10 au 50, gitaa litasikika kama limefunikwa blanketi, kwa sababu poti ndogo inamwaga sauti nyembamba kwenye ardhi. Koili moja inataka kilo-omu 250, koili mbili 500. Kwa volyumu tafuta poti iliyoandikwa A mbele, mfano A250K, kwa kuwa yenye B hushusha sauti vibaya: haibadiliki sana, kisha inatoweka ghafla karibu na mwisho. Kapasita ya toni ni mikrofaradi 0.022 au 0.047, na juu yake utasoma 223 au 473. Pasi iwe ya wati 30 hadi 40. Ikiwa ndogo zaidi haitapasha mgongo wa poti, risasi italala juu bila kushika, na baada ya mwezi gitaa litaanza kukatakata.

Rekebisho lenye faida kubwa kwa pikapu mbili dhaifu ni kuziunga kwa mfululizo. Unahitaji swichi ya miguu sita, mistari miwili ya miguu mitatu. Waya wa moto wa pikapu ya kwanza uende kwenye volyumu moja kwa moja, na waya wa ardhi wa pikapu ya pili uende ardhini moja kwa moja. Mguu wa kati wa mstari wa kwanza upokee waya wa ardhi wa pikapu ya kwanza. Mguu wa kati wa mstari wa pili upokee waya wa moto wa pikapu ya pili. Sasa miguu ya juu: wa mstari wa kwanza uende ardhini, wa mstari wa pili uende kwenye volyumu. Miguu miwili ya chini iunganishe yenyewe kwa yenyewe. Swichi ikielekea upande mmoja pikapu zinafanya kazi sambamba kama zamani. Upande wa pili zinafuatana, na sauti inanenepa na kupanda mpaka inasukuma ampli.

Kinachoharibika hapa ni kimoja. Kama kifuniko cha chuma cha pikapu ya kwanza kimeungwa na waya wake wa ardhi, kwenye mfululizo kifuniko kinakuwa na moto wa sauti na kitavuma ukikigusa. Kitenganishe kwanza na ukipe waya wake wa kwenda ardhini. Na swichi za kuzima pikapu moja moja ziwe zote zimewashwa, la sivyo gitaa zima linanyamaza.

Pikapu mbili zikiwashwa pamoja na sauti ikawa nyembamba ya puani, zinapingana. Geuza nyaya mbili za moja, kwa tahadhari ile ile ya kifuniko. Kuna wapiga ridhimu wanaoipenda sauti hiyo, sikiliza kabla ya kugeuza.

Mvumo ukipungua unaposhika nyuzi, ardhi iko sawa ila gitaa halina kinga. Ukipungua unaposhika chuma cha jeki tu, waya unaotoka chini ya daraja umekatika. Kwa kinga, foili ya jikoni ibandikwe ndani ya mashimo yote kwa gundi, na kwa kuwa aluminiamu haishiki risasi, waya wa ardhi ubanwe juu yake kwa skrubu yenye washa. Pima kwa multimita kwamba kila kipande kinaungana na kingine.

Pikapu inayopiga mluzi ukiongeza sauti ina waya unaotikisika. Nta huizuia: mishumaa sehemu nne kwa nta ya nyuki sehemu moja, kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, nyuzi joto 65, mpaka mapovu yaishe. Usiweke moto moja kwa moja chini ya nta, inawaka. Ila pikapu za Teisco zenye karatasi ya dhahabu usizichovye. Mpiga gitaa Ry Cooder wa Marekani alizifanya zitafutwe duniani kote, na huo utikisikaji kidogo ni sehemu ya sauti ya pikapu hizo.

Ampli iliyokuja na gitaa

Mara nyingi gitaa huuzwa na ampli yake. Soma bamba la nyuma kabla ya kuchomeka. Ya Marekani inataka volti 120 na ya Japani 100, wakati soketi zetu zina 230. Bila transfoma ya kushusha, yenye wati mara mbili ya zilizoandikwa kwenye ampli, utanunua moshi. Na pini ya ardhi ya plagi isikatwe kamwe. Nyuzi zako zimeungwa na ardhi ya ampli, na ampli isiyo na ardhi ikikutana na maikrofoni mdomoni, umeme unapita kwako. Kwenye kumbi za zamani na mahema ya mikutano, pima kwa multimita kati ya nyuzi na kichwa cha maikrofoni kabla hujaimba. Ikionyesha volti kadhaa, usiguse mpaka fundi umeme aje.

Daraja na sauti ya freti ya 12

Madaraja mengi ya magitaa haya hayajafungwa, yanashikiliwa na nyuzi tu. Pima kutoka nati hadi freti ya 12, zidisha mara mbili, kisha weka daraja likizidi hapo milimita 2 upande wa uzi mwembamba na 4 hadi 5 upande wa mnene. Weka seti ya 11. Nyuzi nyembamba haziligandamizi vya kutosha, na daraja hutembea ukipiga kwa nguvu.

Tyuni uzi, kisha linganisha kengele ya freti ya 12 (sauti ya uzi ukiguswa kidogo juu ya freti bila kubanwa) na noti ya kubanwa pale pale. Noti ya kubanwa ikiwa juu, rudisha daraja nyuma. Ikiwa chini, lisogeze mbele. Likikaa, weka alama ndogo ya penseli pembeni ya miguu yake, ili likitoka wakati wa kubadilisha nyuzi ulirudishe bila kupima upya. Masika yakishaingia, kati ya Machi na Mei, rudia kile kipimo cha uzi wa milimita 0.25. Shingo ikiwa imesogea, robo mzunguko wa alenki, subiri siku moja, pima tena.